Mizinga ya uani baada ya masika: nyuki wasije wakakuhama

Masika yakishakata, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, nenda nyuma ya mzinga wako jioni, tia vidole chini ya ubao, uinue upande mmoja kiasi cha inchi moja. Usifungue kitu. Ukinyanyuka kama kapu tupu, nyuki wako wana njaa na pengine wameshaanza kufikiria safari. Ukigoma, una kundi lililovuka salama na kazi yako itakuwa nyepesi.

Mimi nina mizinga minne: miwili nyuma ya nyumba, upande wa Konde, Pemba, na miwili shambani chini ya mikarafuu. Kila mwaka jamaa walioanza juzi huniuliza swali lile lile: mvua imekwisha, nivune lini? Jibu langu huwaudhi. Juni mpaka Septemba si miezi ya kuvuna. Ni miezi ya kuwafanya nyuki waone pale walipo panafaa kukaa. Nyuki wetu wa pwani ni wadogo, wepesi, wakali, na hawana subira na mwenye nyumba. Nyuki wa Ulaya akikosa chakula hukaa hapo hapo mpaka akafa. Huyu wetu hufunga virago. Unakwenda asubuhi unakuta masega matupu, hata maiti moja hakuna.

Ulaya wafugaji huamsha mizinga baridi inapoondoka. Sisi baridi hatuna, ila kwa nyuki masika ndiyo baridi yao. Mvua ikinyesha siku tatu nne mfululizo hawatoki, mbochi, yale maji matamu ya mauani, unaoshwa na mvua, kundi linakula akiba na malkia anapunguza kutaga. Minazi huwasaidia kuvuka maana huchanua mwaka mzima, lakini mnazi nao ukinyeshewa kutwa hauna faida. Halafu mvua inakata, kipupwe kinaingia, na miembe na mikorosho inaanza kuchanua. Hapo ndipo hesabu inapokuja: yai linalotagwa leo huchukua siku 20 hivi kuwa nyuki kamili, na nyuki huyo hufanya kazi za ndani wiki mbili tatu kabla ya kwenda mauani. Kwa hiyo nyuki atakayekuchumia mbochi wa mwembe katikati ya Julai ni yai la mwanzo wa Juni. Ukichelewa kushughulika, maua yatapita nyuki wakiwa bado watoto.

Na karafuu? Wageni hupenda kuuziwa "asali ya karafuu". Karafuu sisi twaichuma ingali tumba, kabla ua halijafunguka. Anachopata nyuki ni yale yaliyotuponyoka juu kabisa ya mti. Asali yangu ya shambani ni ya minazi, miembe na miti ya mwituni, na ikitoka nyeusi kidogo sijali.

Soma mlango kwanza

Kaa ubavuni mwa mzinga, hatua nne tano, usizibe njia yao. Saa mbili asubuhi, jua likiwa limetoka, panafaa. Angalia miguu ya nyuma ya wanaoingia. Ukiona vidonge vya chavua, vya njano hafifu au vya rangi ya chungwa, na ukahesabu kama kumi kwa dakika, mimi huridhika: ndani mna majana, yaani watoto wa nyuki, wanaolishwa, na penye majana pana malkia anayetaga. Wanaotoka na kuingia mikono mitupu kwa siku mbili tatu, hali jua linawaka, hao wana tatizo.

Angalia na chini ya mlango. Majana meupe yaliyotupwa nje maana yake ni njaa: wanapunguza midomo. Vipande vya nta vilivyotafunwa na vumbi kama chicha kavu ni nondo wa nta. Nyuki wanaopigana mlangoni, wakiviringishana, ni wezi kutoka mzinga mwengine, na hapo punguza mlango kwa kipande cha ubao mpaka pabaki nafasi ya nyuki wawili kupishana.

Jioni, weka sikio kwenye ubao ugonge mara moja kwa kifundo cha kidole. Kundi lenye malkia hulipuka "vuu!" likanyamaza. Kundi lisilo na malkia huanza kulia na halinyamazi, linaomboleza kama watu wa msibani. Mzee wa Micheweni aliyenifunza kazi hii alikuwa hafungui mzinga wowote bila kuugonga kwanza. Nilidhani ni mbwembwe za wazee mpaka siku niliyousikia huo mlio mwenyewe.

Siku ya kufungua

Mwaka wangu wa pili nilifungua saa sita mchana, siku ya tatu tu baada ya mvua kukata, kwa hamu ya kuona. Sega la kwanza nililaza ubavu ili nilitazame vizuri. Likakatika. Asali ikamwagika hadi majanini, wezi wakaja kutoka mzinga wa pili, na mbuzi wa jirani aliyefungwa kwenye mpapai akaumwa mpaka akafa. Mbuzi nilimlipa. Siku ya tano mzinga ulikuwa mtupu.

Sasa nafanya hivi. Nangoja angalau siku saba kavu. Nafungua baada ya Alasiri, kwenye saa kumi na moja kasorobo, nimalize kabla ya Magharibi. Giza likiingia nyuki hutulia wenyewe na hawana tena muda wa kufukuza watu. Nawaambia majirani tangu asubuhi, watoto wawe chuoni au ndani, mbuzi na ng'ombe wahamishwe.

Usipake marashi. Ukiwa umetoka Ijumaa na udi kwenye kanzu, kaoge, ubadili nguo. Na usile ndizi mbivu kabla ya kwenda: nyuki anapouma, mwiba wake hutoa harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na ndiyo mbiu yao ya vita. Ukiinusa ghafla ukiwa mzingani, jua umeshaumwa mahali au wanakaribia kukuuma. Puliza moshi hapo hapo.

Nguo ziwe nyeupe au kaki, si nyeusi. Soksi juu ya suruali. Kofia yenye wavu usiache hata kama umezoea. Jicho halina mbadala.

Bomba la moshi lijaze makumbi makavu yaliyochambuliwa, na juu yake utie kiganja cha majani mabichi ili moshi utoke mweupe na baridi. Upulizie kwenye mkono wako: ukikuchoma, utawachoma na wao. Usitie mpira, wala plastiki, wala mafuta ya taa. Moshi mara tatu nne mlangoni, ngoja kama dakika mbili. Nyuki wakisikia moshi hukimbilia kushiba asali, na aliyeshiba huwa mzito wa kuuma.

Simama ubavuni, inua kifuniko taratibu. Ukianza katikati umewavamia chumbani. Anza upande wa nyuma, kwenye viunzi vitupu, yaani zile mbao za juu nyuki wanazoning'inizia masega. Toa viwili vitatu upate nafasi, kisha achanisha kiunzi kimoja kimoja kwa patasi, maana wameviganda kwa gundi yao. Sega la mzinga wa viunzi halina fremu ya kulishika, na jioni ya joto nta huwa laini kama siagi. Ulishike wima kama lilivyokuwa likining'inia. Ukitaka kuona upande wa pili, zungusha kiunzi kama unavyofungua mlango, si kama unavyofungua kitabu mezani. Sentensi hii moja ingeniokolea mbuzi.

Unachotafuta ndani

Malkia usimtafute, utapoteza nusu saa. Tafuta mayai. Geuka jua likupitie juu ya bega, utazame chini kabisa ya tundu: yai ni kijiti cheupe, chembamba kuliko punje ya mchele, kimesimama kimoja katikati. Yai moja kwa tundu, yamefuatana, malkia yupo na alikuwa hapo ndani ya siku tatu. Mayai mawili matatu kwa tundu, mengine yamebandikwa kwenye kuta, hao ni vibarua wanaotaga baada ya malkia kufa, na watatoka madume watupu. Kundi la namna hiyo mimi silihangaikii. Nalikung'uta mbele ya mzinga wenye nguvu jioni, mzinga nausafisha.

Pili, tazama akiba. Kwenye kundi la kawaida nataka nione masega mawili mpaka matatu yenye asali. Chini ya hapo, lisha.

Tatu ni hali inayonitisha kuliko zote: nyuki wapo wengi, lakini hakuna mayai, majana karibu yote wameshatoka, na asali imepungua. Kwa wanaojua, huko ni kufunga mizigo. Nyuki wetu hawaondoki kwa hasira tu, hupanga. Malkia anaacha kutaga, wanangoja wadogo watoke, wanakunywa asali, wanaondoka. Ukiikuta hali hiyo, funga polepole, walishe usiku ule ule, halafu usiguse mzinga wiki mbili. Ukiwa na mzinga mwengine wenye nguvu, chukua humo sega moja la majana yasiyozibwa, ukung'ute nyuki wote, ulihamishie humu. Nyuki ni wazito kutupa watoto wanaohitaji kulishwa. Mara mbili dawa hii imenisaidia, mara moja haikusaidia.

Masega meusi yaliyokaa miaka mitatu minne, matupu, yakate. Uyeyushe nta, usiyaache yakizagaa kufuga nondo. Viunzi vya kuweka badala yake viwe na upana wa milimita 32. Fundi seremala akikukatia vya 40 kwa sababu ndiyo mbao aliyonayo, mkatalie. Nyuki watajenga masega mawili kwa kiunzi kimoja, yamepinda yakashikana, na hutaweza kutoa moja bila kuvunja la pili. Katikati ya kiunzi paka mstari wa nta iliyoyeyushwa. Wataufuata huo kama reli.

Kazi yote isizidi robo saa kwa mzinga.

Kulisha

Kilo moja ya sukari nyeupe kwa lita moja ya maji. Chemsha maji, epua, ndipo utie sukari ukoroge. Usiipike juu ya moto ikaungua. Ikipoa, nusu lita kwenye chombo kipana ndani ya mzinga, upande wa nyuma, na vipande vya makumbi vikielea juu wapate pa kusimama. Weka baada ya Magharibi, maana mchana harufu itawaita wezi wa mji mzima. Kila siku ya pili, kwa wiki mbili, kisha acha mara maua yanapofunguka. Asali ya dukani usiwape. Inaweza kuja na ugonjwa wa mizinga ya watu.

Na tafadhali, sukari hiyo wale waimalize kabla hujafikiria kuvuna. Mtu anayelisha mpaka Disemba kisha akatia chupani anauza sukari iliyopitia tumboni mwa nyuki, na mnunuzi akigundua hanunui tena kwetu sote.

Maji safi nayo wanayataka kila siku, hata kipupwe. Beseni kivulini, makumbi yakielea ndani. Usipowawekea watakwenda kwenye ndoo za jirani, na hapo ndipo ugomvi wa uani unapoanzia, si kwenye kuumwa.

Siafu, majimoto na wengineo

Baada ya masika majani yameota mpaka kiunoni. Yafyeke chini na pembeni ya mzinga, hatua mbili kila upande, kwa sababu unyasi mmoja unaogusa ubao ni daraja tosha kwa siafu, na siafu wakiingia usiku kundi lina saa chache. Miguu ya kichanja iwe ndani ya makopo yenye oili chafu. Juu ya kila kopo gongomea bati dogo kama mwavuli, la sivyo mvua za mchoo zitajaza maji na oili itamwagika yote. Mzinga uliotundikwa kwa waya, waya upakwe grisi.

Majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, nao ni mtihani. Hao ni walinzi wazuri wa mnazi, wanafukuza kunguni anayeharibu nazi changa, kwa hiyo siwaui ovyo. Lakini mzinga usiutundike kwenye mwembe au mkarafuu wenye viota vyao, na matawi yanayogusa mzinga yakatwe.

Nondo wa nta hushinda kundi dhaifu tu. Kundi lenye nguvu humaliza funza wake lenyewe. Kwa hiyo usiache nafasi kubwa tupu: kama nyuki wamefunika masega matano, waachie matano na viunzi viwili vya kujenga, nyuma yake uzibe kwa ubao. Mbawakawa mdogo mweusi naye hupenda nafasi tupu. Ukisikia harufu ya machungwa yaliyooza ndani ya mzinga, sega lile limeshachachishwa na mabuu yake, litoe lote.

Mzinga ulio mtupu kabisa, kwangua ndani, kisha washa kuti kavu upitishe mwali kwenye kuta zote mpaka mbao ibadilike rangi kidogo. Mayai ya nondo yanakufa, na harufu ya nta ya zamani inatoka juu. Sugulia mchaichai mbichi mlangoni na kwenye viunzi; harufu yake inakaribia ile wanayoitana nayo. Kipupwe ndio msimu wa makundi kutafuta nyumba, huenda ukapata nyuki bila ya kununua.

Mzinga ulipo

Mlango usielekee kusi. Upepo huo unavuma mpaka Septemba na hapa kwetu unaingiza unyevu moja kwa moja. Mimi nimeelekeza mlango kaskazini magharibi, kwenye ukuta wa mabua na makuti wenye urefu wa mita mbili, hatua tatu mbele ya mzinga. Ukuta huo unawalazimisha nyuki kupaa juu, wakipita wanakuwa juu ya vichwa vya watu. Kama uwa wako umebanana na nyumba za watu pande zote, kusema kweli usiweke kabisa. Tafuta konde au ukingo wa mikandaa. Ukiweka, mizinga miwili inatosha.

Ukiumwa, kwangua mwiba kwa ukucha hapo hapo, usikawie, maana mfuko wa sumu bado uko juu yake. Mtu akivimba uso au koo, akapata vipele mwili mzima au akakosa pumzi, hakuna dawa ya kienyeji: hospitali, na dereva asingoje mtu avae viatu.

Kundi likijaa

Mambo yakienda sawa, mwishoni mwa Julai mzinga utafurika. Nyuki watafunika mbele ya mlango kama ndevu, na ukifungua utakuta kwenye ukingo wa chini wa masega vyumba vinavyoning'inia, umbo la ganda la karanga. Hivyo ni vyumba vya malkia, na viko ukingoni kwa sababu wanataka kugawana. Kimoja au viwili katikati ya uso wa sega ni habari nyengine: wanambadilisha malkia mzee, waache.

Badala ya kungoja nusu ya kundi ipande juu ya mnazi wa watu, ligawe mwenyewe. Mzinga mpya uliosafishwa uweke karibu. Hamishia humo masega manne pamoja na nyuki waliopo juu yake: mawili ya majana yaliyozibwa, moja lenye mayai na, kama kipo, chumba kimoja cha malkia, na moja la asali. Hakikisha malkia mzee hayumo. Hapa ndipo inapokubidi umtafute. Kung'utia nyuki wa masega mengine mawili zaidi, maana mzinga mpya ukibaki hapo hapo, wakubwa wanaojua njia watarudi nyumbani kwao kesho asubuhi. Punguza mlango. Usiku ubebe mzinga mpya uupeleke kwa jamaa aliye zaidi ya kilomita tatu, ukiwa na mtu wa kumwachia.

Andika tarehe kwa chaki chini ya kifuniko. Malkia hutoka chumbani siku ya 16 tangu kutagwa, akae siku kadhaa, atoke kupandwa angani, ndipo aanze kutaga. Ukifungua katikati ya mambo hayo unaweza kumpoteza kwa udadisi wako. Kwa wiki nne usiuguse, angalia mlango tu. Siku ya 28, baada ya Alasiri, moshi kidogo, inua kiunzi kimoja cha katikati. Ukiona vijiti vyeupe kimoja kimoja chini ya matundu, rudisha kiunzi mahali pake ufunge.